Bi Avis Lilwall na Mti Wake Mwenyewe

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama birika liko motoni, liacheni lichemke, lakini sogeeni karibu na redio. Leo hatuna muziki mwingi. Leo tunamkumbuka Bi Avis Lilwall wa kijiji cha Yarswell, aliyefariki Jumapili iliyopita hospitalini akiwa na miaka themanini na mmoja. Mapafu yalichoka, ndivyo walivyotuambia. Bi Avis Lilwall wa Yarswell. Nalirudia jina kwa sababu najua wapo wenzetu wanaouliza sasa hivi, "Avis yupi?" Nikisema Bi Hapana, mtasema, "Aaa, yule."

Ndiyo, ni yule.

Kwa wale wa bonde la juu ambao hawakubahatika kukataliwa naye, Bi Avis alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi na miti katika baraza letu la kijiji. Ukitaka kuongeza chumba, kupanua dirisha, kujenga banda au kukata mti, karatasi zako zilipita mbele yake. Mnajua utaratibu, lakini naurudia. Baraza la kijiji linatoa maoni tu. Uamuzi ni wa halmashauri, kule mjini. Na mti ukishawekewa amri ya ulinzi, huugusi. Hukati tawi, huchimbi mzizi, hupigilii hata ubao, mpaka halmashauri ikupe kibali. Hata kama mti uko uani kwako. Hata kama aliupanda babu yako.

Mimi nimekaa kwenye vikao vya baraza hilo kwa ajili ya redio hii miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nimekaa kwenye viti vile vya plastiki mpaka mgongo umechukua umbo lake. Na mimi pia alinikatalia. Nilitaka kukata tawi linaloziba dirisha la jikoni kwangu. Alilitazama, akanitazama, akasema, "Nunua taa." Nikanunua taa. Inawaka hadi leo, mchana kutwa.

Lakini tuanze mwanzo. Bi Avis hakuzaliwa akisema hapana. Aliolewa Yarswell akiwa msichana, akitokea upande wa pili wa kilima, na kwa muda mrefu alikuwa mama wa dirishani pale posta, kabla haijafungwa. Aliuza stempu, aliwalipa watu pensheni zao, alijua nani kaandikiwa na nani. Mumewe, Hedley Lilwall, alikuwa mtengenezaji wa pombe ya peasi. Mnaijua miti yetu ya peasi. Mikubwa, mirefu kupita nyumba, na matunda yake huwezi kuyala mabichi, yanakaza mdomo hadi masikio. Lakini yakamue, uyape muda. Hedley aliyapa muda. Alikuwa mtu wa utani, mpole, mwenye kofia moja tu.

Kisha ikaja ile wikendi ya mapumziko ya Mei. Wazee mnaikumbuka. Shamba lililokuwa chini ya kanisa lilikuwa limeuzwa, na lilikuwa na safu nzima ya mipeasi, yote imechanua. Jumamosi asubuhi misumeno ikaanza kunguruma. Mjini ofisi zimefungwa hadi Jumanne. Bi Avis alipiga simu halmashauri. Simu ikalia, ikalia, hakuna wa kuipokea. Jumatatu jioni safu yote ilikuwa chini, na maua yake bado meupe.

Binti yake, Rhona, ameniambia hivi: "Nilikuwa na miaka kumi. Mama aliingia jikoni na mkate kwapani. Akasema, 'Hawakuvunja sheria hata moja. Hiyo ndiyo inayoniuma.' Akakaa chini bila kuvua koti. Baba akamwekea chai, ikapoa."

Baada ya hapo akaanza. Akagombea baraza, akaingia. Akajifunza kuandika maombi ya amri, mti baada ya mti. Na sikilizeni hili, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Mti wa kwanza kuwekewa amri katika Yarswell ulikuwa wa kwake. Ni ule mpeasi mkubwa ulio ubavuni mwa nyumba yao, unaoinamia njia. Hakuna aliyetaka kuukata. Hakuna aliyeutishia. Yeye mwenyewe aliomba ufungwe kwa amri.

Rhona anakumbuka baba yake alivyouliza mezani: "Hata wetu, Avis?"

"Wetu kwanza. Nisije nikaambiwa nalinda ya watu na changu nakiachia."

"Na nikitaka kufunga kamba ya nguo?"

"Utaomba kibali."

"Kwa nani?"

"Kwa halmashauri. Lakini watatuuliza sisi kwanza, na mimi nitapinga."

Hedley alicheka siku nzima. Alikuwa akimsimulia kila mtu. Na maneno hayo yakawa utani wa kijiji. Rhona alipoolewa, bwana harusi aliposhika kisu cha keki, sauti ikatoka nyuma ya ukumbi, "Umeomba kibali?" Bi Avis mwenyewe alicheka, ingawa si sana.

Ndivyo miaka ilivyokwenda. Hapana kwa paa la bati. Hapana kwa uzio wa mbao ndefu. Na hapana, hapana, hapana kwa gereji ya Desmond Bufton.

Desmond ni jirani yao, ukuta kwa ukuta. Fundi wa paa, mtu wa maneno mengi. Alitaka gereji mahali penye mwaloni wenye amri. Alipokataliwa mara ya tatu, alifanya lile ambalo watu wa hapa wamelifanya tangu zamani wakidhani hakuna anayejua. Alichukua misumari ya shaba, akaupigilia mwaloni chini kabisa, kwenye nyasi. Tumeambiana jambo hili tangu tukiwa wadogo, kwamba shaba huunyausha mti taratibu, kama ugonjwa. Na mti uliokufa hauna amri. Bi Avis akaikuta ile misumari. Akapiga magoti kwenye tope, kwa ruhusa ya halmashauri, akaing'oa mmoja mmoja kwa koleo, akampeleka Desmond mahakamani. Desmond akapigwa faini. Mwaloni haukuumwa hata kidogo. Bado uko pale, unamwangushia majani kwenye mifereji ya paa.

Kwa miaka mingi baada ya hapo walisalimiana kwa kuinua vidole viwili tu, vile wanavyosalimiana watu wenye ukuta mmoja. Hata Desmond alipochaguliwa kuingia barazani, mambo yalikuwa hayo hayo. Kwenye kikao Bi Avis alimwita "Bwana Bufton." Nje alimwita "wewe."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, Hedley akapooza.

Ilikuwa asubuhi, akiwa ghalani na mapipa yake. Upande wa kulia wote ukalala. Hospitali ikamtunza, ikamrudishia maneno yake, na nusu ya tabasamu. Lakini miguu haikurudi. Wakasema anaweza kwenda nyumbani ikiwa kuna chumba cha kulala na choo chini. Mnazijua nyumba zetu hizi. Ngazi ni kama za mnarani, choo kiko juu, milango ni ya watu wa zamani waliokuwa wembamba. Ilibidi kujengwa chumba. Upande mmoja ni njia. Upande mmoja ni ukuta wa Desmond. Nyuma ni mteremko. Pamebaki ubavuni, na ubavuni ndipo uliposimama mpeasi, na mizizi yake imetanda ardhi yote ile.

Kwa hiyo Hedley akapelekwa kwenye nyumba ya wazee, mjini, wakati wanasubiri. Na Bi Avis Lilwall, aliyeuwekea mti wake amri, akaketi kuandika ombi la kuukata.

Nilikuwepo kikao kile. Mvua ilikuwa inanyesha. Lilipofika ombi lake, alisimama, akavua miwani, akasema yale maneno ambayo kila mjumbe huyasema jambo lake likiletwa: "Natangaza kuwa nina maslahi katika hili." Kisha akatoka nje, kama sheria inavyotaka. Ukumbi wetu hauna chumba cha kusubiria. Alisimama pale nje mlangoni, chini ya kipande kile cha paa kisichomkinga mtu, na kupitia kioo tulimwona mgongo.

Makamu mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?"

Desmond akanyanyuka. Mama wa chai aliacha kumimina.

"Nimeingoja siku hii," Desmond akasema. "Nilikuwa na hotuba kabisa. Nilikuwa naifanyia mazoezi juu ya mapaa ya watu." Akajikuna shingo. "Mzee Hedley arudi nyumbani. Basi."

Akaketi. Mikono yote ikapanda. Baraza halina pingamizi.

Wakamwita ndani. Koti lilikuwa linachuruzika maji. Makamu akamwambia, "Bi Mwenyekiti, tumekubali kwa kauli moja."

Bi Avis akawatazama wote. "Mmekosea," akasema. "Mti ni mzima. Mlipaswa kunikatalia." Kisha akavaa miwani, akasema, "Jambo linalofuata ni benchi la kituo cha basi." Akaendesha kikao hadi mwisho. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka kama niliyebeba mawe.

Lakini naurudia utaratibu. Baraza la kijiji linatoa maoni tu. Uamuzi ni wa halmashauri.

Halmashauri ilimtuma afisa miti. Kijana wa watu, mpole, viatu vimejaa tope. Akauzunguka mti, akaupima, akaugonga gonga. Kisha akakaa jikoni kwa Bi Avis, akala keki yake. Rhona alikuwepo.

"Mama," akasema, "nimesoma maelezo uliyoyaandika ulipoomba amri. Umesema huu ndio mti wa kwanza mtu anaouona akishuka kilimani, kabla hata ya mnara wa kanisa. Umesema mwenye kuukata ajibu kwa watu ambao hawajazaliwa. Mimi nimesoma faili nyingi. Sijaona mti uliotetewa namna hii."

Bi Avis akasema, "Nilikuwa na nguvu wakati ule."

"Siwezi kuyapinga. Nimejaribu. Mume wako ni sababu ya kweli, lakini mti una sababu zaidi kwenye karatasi, na karatasi hizo ni zako."

"Chukua kipande kingine," akamwambia. "Umefanya kazi yako."

Wakakataliwa. Rufaa ipo, kila mtu anajua, na rufaa ina foleni yake. Hedley hakuwa na muda wa foleni.

Sasa nafika mahali ambapo nimeomba ruhusa. Rhona amenipa, na Desmond amenipa. Rhona alisema, "Sema yote. Mama asingetaka kusifiwa kwa uongo. Angeandika barua ya malalamiko."

Siku chache baada ya barua ya halmashauri, Desmond aligonga mlango wa nyuma. Alikuwa na kopo la zamani la tumbaku. Alilifungua, akaliweka juu ya meza. Ndani kulikuwa na misumari ya shaba.

"Hii nini?" Bi Avis akauliza.

"Unaijua. Ndugu zake uliwang'oa mwenyewe. Hii ilibaki."

"Haifanyi kazi, Desmond. Mwaloni wako haukufa."

"Haukupewa nafasi. Ungeniachia mwaka mmoja tungeona." Akavuta kofia. "Babu yangu aliapa inafanya kazi. Mti uliokufa hauna amri, Bi Avis. Hakuna atakayekuja kukagua. Mkaguzi ni wewe."

"Nenda nyumbani kwako."

"Naenda. Kopo linabaki. Sitaki kurudi nalo, limenichosha."

Desmond anasema hawakuzungumza tena juu ya kopo lile. Wala hakuuliza. Alipoona mpeasi unachanua mwaka uliofuata, akajua misumari iliishia kwenye takataka. Akasema moyoni, huyu mama ni chuma.

Na tukaendelea hivyo. Bi Avis alipanda basi kwenda kwa Hedley kila lilipopita, na mnajua halipiti kila siku. Wakati wa maua alimpelekea maua ya mpeasi. Hakuyakata. Aliyaokota chini, yaliyoanguka, akayafunga kwenye leso. Muuguzi mmoja anakumbuka Hedley akiyatazama pale mapajani, na ile nusu ya tabasamu, akiuliza polepole, "Umeomba kibali?"

"Yaliyoanguka hayahitaji," Bi Avis akajibu.

Hedley Lilwall alifariki kule kule, kwenye nyumba ya wazee, vuli ya pili. Hakurudi nyumbani. Nalisema mara mbili kwa sababu kurudi ndiko walikokutaka wote wawili. Hakurudi nyumbani.

Bi Avis aliendelea barazani. Aliendelea kusema hapana. Ila kuna kitu kilibadilika, na sisi wa viti vya plastiki tulikiona. Kabla ya kusema hapana alianza kwenda nyumbani kwa mwombaji. Anaingia, anakaa, anakunywa chai ya watu, anauliza, "Chumba hiki kitakuwa cha nani?" Wakati mwingine alitoka pale na hapana yake ile ile. Wakati mwingine hakutoka nayo. Tukasema anazeeka.

Jambo jingine lilitushangaza kidogo. Aliuacha mpeasi wake ukavaa mtambaazi, ule mmea wa kijani unaopanda shina, mpaka kiunoni na zaidi. Watu wengine aliwafokea kwa uvivu huo. Wake akauacha.

Jumatano hii, Rhona alikuwa anasafisha ua kwa ajili ya wageni wa mazishi. Akaubandua ule mtambaazi kwenye shina, kwa mikono, maana hilo halina amri. Chini yake akakuta vichwa vya misumari. Imegeuka kijani, na ganda la mti limeanza kuimeza. Imezunguka shina lote, kimo cha mtu aliyepiga magoti.

Alimwita Desmond kupitia ukutani. Desmond akaja, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Hiyo ni yangu."

Wakakaa kwenye nyasi, wale wawili, wakajaribu kukumbuka ilikuwa lini. Kisha Rhona akakumbuka. Bi Avis alikuwa mpiga kengele kanisani tangu alipokuja kijijini; kila kengele ina mtu wake, na yake ilikuwa ya tatu. Hakuwahi kukosa mazoezi ya Jumanne. Ila Jumanne moja, muda mfupi baada ya ile barua, hakufika. Wapiga kengele wakapiga bila ya tatu, na kijiji kizima kikasikia pengo. Tulidhani anaumwa. Nilisikia mwenyewe, nikiwa jikoni kwangu chini ya taa. Kengele zinapolia Yarswell, hakuna anayeweza kusikia nyundo.

Nimelifikiria hilo tangu jana. Mwanamke wa umri ule, magotini, akiuua mti alioupenda kuliko sote, ili mumewe alale chini ya paa lake. Na mti ukakataa kufa. Kila Aprili akafungua pazia na kuukuta umechanua. Sijui alifurahi au alilia. Rhona anasema, "Vyote, nadhani. Namjua."

Rhona angependa misumari ing'olewe kabla ya mazishi. Jana akapiga simu halmashauri. Mara hii ilipokelewa. Akaambiwa kwa upole kwamba kung'oa chochote kwenye shina la mti wenye amri ni kazi juu ya mti, na kazi juu ya mti inahitaji ombi. Ombi litapelekwa kwanza kwa baraza la kijiji kwa maoni.

Limewekwa kwenye kikao cha Alhamisi ijayo. Mwenyekiti wa kamati, tangu mwaka jana Bi Avis alipopumzika, ni Desmond Bufton. Nilimuuliza ataliendeshaje.

"Siliendeshi," akasema. "Nitatangaza maslahi. Misumari ni yangu. Nitatoka nikasimame pale mlangoni alipokuwa amesimama yeye, na mvua ikinyesha, inyeshe."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Rhona, kwa mumewe na watoto wao, kwa wapiga kengele wa Yarswell, na kwa baraza la kijiji. Tunatoa pole kwa Desmond pia, maana amepoteza jirani. Na ninyi mlioko majumbani, mnaomkumbuka aliyewahi kuwakatalia jambo, mfikirieni kidogo usiku wa leo. Jiulizeni hapana ile ilimgharimu nini yeye. Nami najiuliza, hapa nilipo.

Mazishi ni kesho Ijumaa, saa nane mchana. Gari la mazishi ni refu kwenda juu, halipiti chini ya lile tawi linaloinamia njia. Watu wa gari waliuliza kama linaweza kupunguzwa kidogo tu. Rhona aliwajibu hapana. Kwa hiyo jeneza litabebwa kwa mikono kutoka mlangoni hadi barabarani, na Desmond ni mmoja wa wabebaji. Mpeasi umechanua wote na upepo unatarajiwa. Mtakaofuata nyuma, maua yakianguka juu ya jeneza msiyapanguse. Yaliyoanguka hayahitaji kibali.